Milango ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kaenda kumwuguza dada yake. Anarudi Ijumaa. Nafasi ndiyo hii! Nitatoa rangi yote kwenye milango ya kabati la jikoni, nipake vanishi, akiingia adondoshe mkoba. Kabati lilitoka kwao, milango hiyo aliichonga marehemu baba yake, naye huifuta kila jioni kama anamnawisha mtoto uso. Humu ndani hakuna anachokipenda zaidi, mimi nikiwamo. Kaka yake, seremala vilevile, kaniambia kwa simu nisiguse hata bawaba moja mpaka aje. Wivu tu! Anataka sifa zote zibaki kwao.

Jumanne, 5 Machi
Nimeifungua yote minane, nimeirundika uani. Dawa ya kutoa rangi inanuka balaa. Kidole gumba kilibabuka kabla ya rangi. Lakini chini ya rangi, mbao nyekundu, nzuri ajabu! Upande wa nyuma, usio na rangi, kila mlango ulikuwa na namba ya penseli, mwandiko wa hovyo, umepinda kama wa mlevi. Nimepiga msasa zikafutika zote. Usafi ni mbele na nyuma.

Alhamisi, 7 Machi
Vanishi imekauka. Inang'aa hadi nimejiona nikitabasamu. Nikaanza kurudisha. Mlango wa kwanza ukakataa kufunga. Wa pili ukafunga, ukakataa kufunguka. Kumbe mzee alichonga kila mlango kwa nafasi yake! Zile namba... Mungu wangu! Nikampigia shemeji, nikajifanya namwulizia rafiki. Akauliza huyo rafiki ana milango mingapi. Nikakata simu. Nimeazima randa kwa jirani. Nimepunguza hapa, nimepunguza pale. Sasa yote inaingia. Miwili inaingia mpaka kwenye masufuria.

Ijumaa, 8 Machi
Karudi. Mkoba kauweka chini taratibu. Akapitisha kiganja juu ya vanishi, akasema inang'aa. Nikavimba kichwa. Kisha akafungua mlango mmoja, akachungulia nyuma yake. Akafungua wa pili. Akafungua yote. Akauliza namba ziko wapi. Nikajibu nimezifuta, ziliandikwa hovyo mno. Akasema aliziandika yeye. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu, baba yake akampa penseli. Saba aliigeuza, ikatazama nyuma, na baba yake akakataa isirekebishwe.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alikaa tu, kile kitambaa cha kufutia mapajani, machozi yanamtoka. Sijawahi kujuta hivi. Najutia msasa, najutia randa, najutia huu mdomo wangu.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba imepoa. Shemeji alikuja jana, akaangalia, akaondoka bila kugusa chai. Mke wangu ananijibu "sawa" kwa kila kitu. Nimewaza sana, na nimeipata dawa! Leo alipotoka kwenda sokoni nimeshika penseli kwa mkono wa kushoto, nikaziandika upya namba zote, zimepinda kitoto kabisa. Nimezipaka masizi kidogo ili zionekane za zamani. Kazi safi! Ile saba nimeinyoosha, isije ikamtia aibu mbele za watu. Namsikia anafungua geti. Simwambii kitu. Nataka aione mwenyewe.