Kamati ya Kuishawishi Diski

Jumatatu saa tatu asubuhi, Idara ya Kumbukumbu za Watumishi iliutangazia umma kwamba diski yake ya nje haijaharibika. Ilikuwa tu imesitisha kwa muda utoaji wa taarifa. Tangazo lilipigwa mihuri mitatu, likabandikwa mlangoni, na wananchi wakaombwa kuwa watulivu.

Karani wa masjala, mama aliyeitumikia idara kwa miaka thelathini na sita, alilisoma mara mbili, kisha akatafuta kiti. Ndani ya kidude kile kinachotosha kiganjani ndimo lilimokuwa faili lake na yale ya wenzake elfu moja na mia mbili. Makaratasi yalikuwa yamechomwa mwaka juzi, kwa hotuba na makofi, ili idara iwe ya kisasa. Zilibaki wiki mbili astaafu. Dada yake kijijini alikwisha kumpakia rangi chumba cha kuhamia. Lakini kwa mujibu wa kanuni, asiye na faili hajawahi kuajiriwa, na asiyeajiriwa hana cha kustaafu.

Mkurugenzi alichukua hatua za haraka. Aliunda kamati ya watu tisa. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaichomeka diski kwenye kompyuta. Kompyuta ikajibu kwamba diski haisomeki, ikauliza kama iifomati: Ndiyo au Hapana.

“Imeuliza kwa adabu,” akasema mwenyekiti wa kamati. “Si vizuri kuinyima.”

Kura zikapigwa. Saba walisema ndiyo, mmoja hakufungamana na upande wowote, na mmoja alikuwa msalani. Mkurugenzi akashika kipanya.

Karani, aliyeitwa kuandika muhtasari, akauweka mkono wake juu ya ule wa mkuu wake. Hakuwahi kufanya hivyo tangu azaliwe.

“Samahani, mheshimiwa. Kufomati ni kufuta. Mlango umegoma kufunguka, ndiyo tuchome nyumba?”

“Nani kakwambia hayo?”

“Fundi wa ng'ambo ya barabara. Yule wanayemwita Bisibisi.”

“Ana sifa gani?”

“Diski zake zinasomeka.”

Hoja hiyo ilijadiliwa siku tatu. Alhamisi, Bisibisi aliruhusiwa kuingia kwa cheo cha Mshauri Elekezi wa Muda. Alivua kofia, akaitegea diski sikio.

“Haigongigongi. Inazunguka vizuri. Huyu hajafa, kazimia.”

Akabadilisha waya, akahamia tundu la nyuma ya kompyuta. Diski ikaonekana, ila haikuwa na jina wala faili hata moja. Karani akasogea karibu na kioo.

“Ni tupu, fundi?”

“Si tupu, dada yangu. Vitabu vimo kabatini, orodha ndiyo imechanika. Nitatoa nakala ya diski nzima, nihangaike na hiyo nakala. Hii yenyewe siigusi tena.” Akamgeukia mkurugenzi. “Ila bosi, programu yangu huwa inafukua mpaka vilivyofutwa zamani. Nivichambue kwanza, au—”

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kusikiliza sentensi mpaka mwisho. “Usiache kitu! Rudisha vyote, na vionyeshwe hadharani mbele ya bodi!”

“Vyote?”

“Kwani nimesema Kichina?”

Ijumaa ukumbi ulijaa. Bodi ilikaa mbele, mkurugenzi akahutubia dakika arobaini kuhusu uongozi wake shupavu katika sekta ya diski, kisha majina yakaanza kupanda ukutani. Karani aliliona lake, na picha yake ya ujana, nywele zimesimama. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Faili la mkurugenzi likapita. Kisha likapita tena.

“Rudi nyuma kidogo,” akasema mwenyekiti wa bodi, mama mwenye miwani mizito. “Sura moja, vyeti viwili vya kuzaliwa. Hapa una miaka hamsini na sita. Hapa, kwenye faili lililofutwa, una sitini na nne. Na sisi tunastaafu sitini. Wewe ni yupi?”

“Hiyo… hiyo ni hitilafu ya diski, mheshimiwa.”

“Diski imepona, bosi,” akasema Bisibisi kwa upole. “Ulisema nisiache kitu.”

Ukumbi mzima ukashikwa na kikohozi.

Bodi ilitaka jambo limalizwe siku ileile, na kanuni ilikuwa wazi: barua zote za kustaafu husainiwa na mkurugenzi. Karani akachapa mbili, akazipeleka ofisini kwa mkurugenzi. Ya kwanza, ya karani mwenyewe, mkurugenzi aliisaini bila kuisoma. Ya pili aliisoma neno kwa neno, kisha akasaini nje ya mstari.

“Hii inaanza lini?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Imeshaanza, mzee wangu,” karani akamjibu, akikusanya karatasi zake. “Miaka minne iliyopita.”