Firimbi Kumi na Moja za Huaca Chilalo

Eladio Piminchumo,
Mfyatua matofali,
Moche, Trujillo.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Magofu ya Huaca Chilalo.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kuta zako zimesimama. Kwa moyo mzito nakuarifu kwamba Jumanne iliyopita, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, firimbi ya mlinzi ililia mara kumi na moja ndani ya magofu yako, na mara zote hizo ililia kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu huyo ndiye anayekuandikia.

Kabla ya kulalamika, inanipasa kueleza. Binti yangu Rosmery amechumbiwa na kijana wa Arequipa, mji wa mawe meupe, ambao watu wake hujiona kama wana serikali yao na sisi wengine wa Peru ni majirani tu. Baba wa kijana, don Wenceslao Zegarra, ni mwashi wa mawe kwa miaka arobaini. Alikuja Jumapili kuiona familia anayoingia mwanawe, kisha aamue kama ataibariki ndoa au la. Kitu cha kwanza alichofanya ni kugonga ukuta wa nyumba yangu kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Tofali bichi?" akauliza.

"Bichi, don Wenceslao."

"Nyumba nzima?"

"Isipokuwa paa. Paa ni mianzi na udongo."

Akasema, "Ahaa."

Mheshimiwa, nimeishi miaka hamsini na mitatu na sijawahi kusikia "ahaa" ndefu kama ile. Mke wangu Hermelinda aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo visafi. Rosmery alinitazama kwa macho yanayosema, baba, fanya jambo. Ndipo nikaazimia kumwonyesha mgeni huyu kile ambacho udongo unaweza kufanya. Malalamiko yangu ni haya.

1. Jumatatu. Supu ya shambar, kama unavyojua, hupikwa Trujillo Jumatatu peke yake. Ukiiomba Jumanne, mpishi anakutazama kama umeomba Krismasi mwezi wa sita. Na Jumatatu ndiyo siku uliyochagua wewe kufunga magofu. Nilikuwa na silaha mbili, supu na kuta, ukanilazimisha kuzitumia siku mbalimbali. Jumatatu don Wenceslao alikula bakuli mbili za ngano, maharage na ngozi ya nguruwe, akalainika hata akamwita Hermelinda "mama". Ningempata kwenye kuta zako saa ile, saa hii ningekuwa ninashonesha suti ya harusi. Kufikia Jumanne supu ilikuwa imeshuka, na mtu amerudi kuwa jiwe. Naomba ama ufungue Jumatatu, ama uwaandikie wapishi wote wa jimbo.

2. Hili linawahusu Wahispania, lakini kwa kuwa hawakuacha anwani nalielekeza kwako. Jumatatu hiyohiyo, kwa kukosa pa kwenda, nilimpitisha kwenye majumba ya kikoloni kando ya uwanja mkuu. Alisimama mbele ya lile la buluu lenye vyuma vyeupe vya dirishani, akatikisa kichwa kwa heshima. "Haya, hii ni nyumba. Jiwe hili." Nikamwambia kwa furaha, "Udongo huo, don Wenceslao! Umepakwa rangi tu." Hakuamini. Akaukwangua kwa ukucha. Bawabu akatoka na ufagio. Tulipokuwa salama upande wa pili wa barabara alisema, "Basi nakubali, mnajua kupaka rangi." Nauliza, kwa nini watu wajenge kwa udongo halafu wauonee haya?

3. Mbwa. Sina ugomvi binafsi na Calato, mbwa wa magofu yako. Najua mbwa wetu hawa wasio na manyoya wamekaa pwani hii kabla ya mtu yeyote mwenye cheti. Lakini Calato ana joto la chungu kilichotoka motoni, na don Wenceslao ana goti bovu. Jumanne, tulipofika tu magofuni, mbwa aliliegemea goti. Mgeni akafumba macho. Kwa dakika ishirini nilieleza samaki na ndege aina ya mwari waliochongwa ukutani, na mikono yangu ilirukaruka kama ya padri siku ya Pasaka, huku ninayemweleza akimkuna mbwa masikio. Nilipomaliza aliuliza swali moja: "Huyu anakula nini?" Naomba Calato afungwe wageni muhimu wanapokuja, au agawe joto lake baada ya maelezo.

4. Firimbi. Mheshimiwa, siwezi kueleza ukuta bila kuugusa. Firimbi ya kwanza ilikuwa ya kiganja, nakiri. Ya pili ya kidole kimoja. Ya tatu ya kiwiko, na kiwiko hakina nia mbaya. Ya sita nilikuwa ninanusa tu. Ya tisa nilimpuliza vumbi mjusi aliyechongwa ukutani. Nilimgeukia mlinzi wako, Bi Zoila Ucañán, nikamwambia, "Bi Zoila, mimi ni mfyatua matofali, hawa ni ndugu zangu!" Akajibu mbele ya mgeni wangu, "Wasalimie kutoka nyuma ya kamba, don Eladio. Ndugu zako wana miaka elfu, wewe una kilo mia." Ni tisini na sita.

5. Sasa nafika kwenye dhuluma yenyewe. Wazee wa zamani walitia alama kwenye matofali yao, kila kijiji alama yake, ili ijulikane nani ameleta mchango wake. Nilimpeleka don Wenceslao kwenye ukuta wa ua mdogo wa nyuma, nikamwonyesha tofali lenye duara, nukta mbili na mstari uliopinda. Nikasema, "Hii ni alama ya akina Piminchumo. Miaka elfu moja, don Wenceslao. Binti yangu anatoka hapa." Mgeni alivua kofia. Alivua kofia, Mheshimiwa! Rosmery alikuwa karibu kuolewa. Ndipo Bi Zoila, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Ukuta huo? Huo ni wa juzi, baada ya mvua za El Niño. Wa zamani ni ule kule."

Kofia ikarudi kichwani.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo. Kwanza, cheti chenye mhuri kinachosema tofali lile lina miaka elfu. Dhamiri ikikusumbua, andika mia tano. Chini ya mia tatu sikubali. Pili, ikiwa wataalamu watabisha, waulizwe udongo wenyewe una umri gani. Udongo ulikuwepo kabla ya Wainka na kabla ya samaki wa ukutani, basi hakuna tofali jipya duniani, yako matofali yaliyochelewa tu. Tatu, kwa hoja hiyohiyo, nyumba yangu iingizwe kwenye orodha ya magofu, nami nipewe kamba na firimbi. Nne, Bi Zoila afundishwe kujibu, "Mungu ndiye ajuaye." Tano, ikiwa hayo yote ni mazito, basi funga na Jumanne pia, mzazi mwingine asije akakutana na ukweli akiwa na mgeni.

Nisalimie makarani wote, fundi wa ngazi, na muuza soda wa langoni. Calato pia, ingawa hastahili.

Wako mwenye masikitiko na heshima,
Eladio Piminchumo

Tanbihi. Hermelinda ameisoma barua hii, ameikalia, na anasema hatainuka mpaka niandike yaliyobaki. Haya.

Miaka miwili iliyopita, baada ya mvua, ofisi yako ilituajiri watu thelathini kukarabati ua mdogo. Mhandisi alimwambia kila mmoja atie alama yake kwenye tofali jipya, mtu asije akalidhania la kale. Duara, nukta mbili na mstari uliopinda ni alama yangu. Niliibuni palepale; ni uso wa Hermelinda nikichelewa kurudi. Sina habari mababu zangu walitia alama gani. Nilichukua kitu kilichowekwa kuzuia uongo, nikakitumia kudanganya.

Na firimbi zangu zilikuwa kumi. Ya kumi na moja ilikuwa hivi. Bi Zoila alipokwisha kusema ukuta ni mpya, aliongeza, "Kwani amesahau? Si tofali lake mwenyewe hilo!" Nilitazama viatu vyangu. Don Wenceslao aliruka kamba, na goti lake lile, akaligonga tofali kwa kifundo, akatega sikio. Firimbi ikalia. Hakujali.

"Umelifyatua wewe?"

"Mimi."

"Na mvua ya mwaka huu?"

"Imepita, lenyewe limebaki."

Akapitisha dole gumba kwenye ukingo, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. "Pembe zimenyooka," akasema. Kisha akanigeukia kwa hasira. "Mjinga wewe, mkwe! Siku mbili unanizungusha kwa kazi ya wafu, na yako umeificha! Mimi nitafanya nini na mababu zako? Ninaoana na wewe!"

Mkwe. Aliniita mkwe, na Bi Zoila ni shahidi, maana alikuwa amemshika mkono akimrudisha nyuma ya kamba.

Kwa hiyo cheti sitaki tena. Bi Zoila asifundishwe lolote, na firimbi yake ipakwe mafuta. Harusi ni mwezi wa nane. Don Wenceslao ameweka masharti mawili tu: iwe siku ya shambar, na mbwa awepo karibu na goti lake. Bi Zoila amekubali kumleta, mradi yeye mwenyewe asiwe kazini siku hiyo.

Basi nakusihi, Mheshimiwa, kuhusu lile ombi langu la kwanza: Jumatatu usifungue.