Pedeli za Ng'ambo

Jumatano, 9 Julai 2025
Hapa Kanazi hatujambo. Suzan, bibi harusi wa Jumamosi, hajambo. Clever, mdogo wake, hajambo. Ng'ombe wa mahari hajambo, anakula maharage ya jirani. Mgonjwa ni Pijo, gari la marehemu mume wangu. Aliitia injini ya Korola ili siku moja imfikishe binti yake kanisani. Sasa pedeli ya breki imekatika! Jirani yangu Jovina kasema nikodi Noah kama watu. Mimi? Nimemwahidi Suzan atapanda gari la baba yake, hata nilisukume mwenyewe.

Alhamisi, 10 Julai
Nimepata seti nzima ya pedeli kwa Bizimana, muuza spea kule mpakani. Bei ya bure! Nimejiona mjanja. Fundi Laurian kaigeuza, kaigeuza tena, kanitazama kwa huruma. Kasema mama, hizi ni za gari la Burundi, usukani kushoto. Hapa kulia hazikai. Nikamuuliza, kushoto zitakaa? Akasema zitakaa. Basi ziweke huko huko! Akaokota spana.

Ijumaa, 11 Julai
Zimekaa. Laurian, kulia, anashika usukani na kukanyaga mafuta kwa pedeli ya zamani. Mimi kiti cha abiria, klachi na breki. Akisema breki, nakanyaga. Tumezunguka uwanja wa mpira, hatujaua mtu. Jovina kapita, kauliza hilo ni gari au cherehani? Wivu.

Jumamosi, 12 Julai
Safari ya kanisani. Suzan nyuma, shela mpaka miguuni. Kwenye mteremko nilikanyaga vizuri hadi nikaanza kuringa. Tukafika, kwaya inaimba, nikageuka kumwona mwanangu. Analia! Nami nikalia, nikamnyooshea shela. Laurian akapiga kelele, breki, mama! Nikaitika, abee, mwanangu!
Kwaya ilitawanyika. Tulisimama ndani ya migomba ya padre. Suzan alishuka na jani kichwani, anacheka huku anafuta machozi, akasema baba amenifikisha. Padre akasema tuingie haraka, kabla gari halijatutangulia madhabahuni.

Jumapili, 13 Julai
Laurian kazima simu. Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Ni kwaya. Walisimama karibu mno.
Binti wa Jovina naye anaolewa Septemba. Nimemtuma Clever akamwambie Jovina asihangaike kukodi, gari lipo, na wa breki ana uzoefu. Anijibu upesi, leo leo, kabla wengine hawajaniwahi.