Vyungu Mia Sita na Soseji Kilo Mbili

Tulikuwa tumekaa meza ya dirishani mkahawani kwa Dona Natália, hapa Fall River, Marekani, Redio alipoingia na gazeti mkononi. Jina la ubatizo ni Valdemar. Tunamwita Redio kwa sababu hazimwi.

"Wazee, habari njema! Nauli ya kontena kutoka Ureno imeshuka nusu!"

Wote wakanigeukia. Mimi ni Zeferino, ila tangu mwezi wa tatu kijiwe kizima kinaniita Kontena.

"We ulilipa lini?" akauliza Gavana, fundi mapaa mstaafu ambaye hajawahi kugombea hata uongozi wa kwaya.

"Mwezi wa tatu."

"Ilipokuwa juu kabisa! Duh!"

"Huyu ana kipaji," Redio akadakia. "Akinunua mwavuli, mvua inakata."

Nikawaambia hesabu yangu ilikuwa safi. Vyungu mia sita vya kupikia nyama ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, kutoka kisiwani kwetu Terceira, Ureno. Chungu dola kumi na moja, usafiri tisa, nauza ishirini na nne.

"Faida nne," akasema Dona Natália huku akifuta kaunta. "Sasa kilio cha nini?"

"Forodha wamefungua kontena. Gharama za ukaguzi na kulala bandarini zimekula dola tano kila chungu."

Gavana akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya Redio.

"Kwa hiyo ukiuza kimoja unapata hasara ya dola moja?"

"Ndiyo."

"Basi usiuze, ndugu yangu! Kila chungu kinacholala dukani umeokoa dola!"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi nilikuwa na uchungu. Sikukuu ilipita vyungu vikiwa bado bandarini, na mke wangu Lurdes alishatamka: kontena hili lisipolipa, duka linafungwa, narudi kupaka rangi nyumba za watu chini ya kaka yake, anayeniita "kijana" wakati nina miaka hamsini na nane.

"Chekeni tu!" nikawaka. "Si nyie mlioniponza? Kontena lilibaki na nafasi, kila mtu akapakia lake bure. Gavana, cherehani ya shangazi yako. Redio, mashine ya kukamulia zabibu. Dona Natália, sanamu ya Bikira Maria, kilo tisini!"

"Si tulikupa hela ukakataa?" akasema Dona Natália. "Eti, 'Baina yetu, nauli ya nini!'"

"Nilikataa kwa adabu! Mlitakiwa mnilazimishe!"

"Ebo!"

"Na mmoja wenu alificha soseji. Mbwa wa forodha akainusa, wakafungua kontena zima. Barua yao imefika leo, sijaifungua, ila wameandika juu kwamba picha imo. Leo namjua mchawi wangu."

Redio akaninyang'anya bahasha, akaichana, akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Soseji kilo mbili, ndani ya chungu, zimefungwa kitambaa cheupe kilichodariziwa..."

Akanyamaza. Redio, kunyamaza! Dona Natália akavaa miwani, akaivuta picha.

"Kimedariziwa, 'Zeferino, ule ushibe. Mama.'"

Nilitamani sakafu inimeze.

"Kontena," Gavana akauliza polepole, "nani alisimamia upakiaji kule?"

"Mama. Wakala alitaka dola mia mbili. Nikaona nibane matumizi."

Safari hii hawakucheka. Gavana akatoa noti, akaziweka mbele yangu.

"Ishirini na nne. Niletee chungu."

"Na mimi," akasema Redio.

"Mimi vinne," akasema Dona Natália.

Nikiwa bado nafuta macho, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Aa, jamani, baina yetu? Toeni ishirini tu."

Nikasubiri wanilazimishe. Gavana alisharudisha dola nne mfukoni.