Jasho la Chumba cha Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nesi wa zahanati ya jirani alikuja kutupima wafanyakazi wote wa dobi. Presha yangu iko juu. Alinipima mkono wa kushoto, akanipima wa kulia, akarudi tena wa kushoto. Bosi amesimama pale pale, anasikia kila kitu. Akasema mtu mwenye presha hiyo hamwachii gari lake la kupelekea nguo. Nitapimwa tena Ijumaa. Mambo yakiwa hivi hivi, funguo anapewa Kamba.

Kamba! Mpiga pasi huyu tumemwita hivyo kwa sababu kila mchana, wenzake wakila, yeye yuko uani anaruka kamba. Anarudi amelowa, anatabasamu. Gari hilo nimeliendesha tangu halijapata mkwaruzo hata mmoja. Mikwaruzo yote ni yangu.

Nesi kanipa vidonge, kaniambia nitembee kila siku hadi jasho linitoke. Nimemweleza mke wangu. Chai ya jioni imekuja bila sukari.

Jumanne, 4 Machi

Nimetembea hadi duka la viatu. Nikapumzika. Nikarudi. Mke wangu alinivua shati mlangoni, akalikamua juu ya beseni. Wapi! Hata tone. Akasema sukari itarudi siku shati litakapokamulika.

Nimekaa nikawaza. Nesi anataka nini? Jasho. Mke wangu anataka nini? Jasho. Kutembea ni njia tu ya kulipata, tena njia ndefu yenye vumbi. Na mimi nafanya kazi wapi? Kwenye dobi! Chumba cha pasi kina mvuke hata rangi ya ukuta imebanduka. Ajabu hakuna aliyeliona hili kabla yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefaulu! Nilimaliza kupeleka nguo mapema, nikavaa koti la mvua, nikafunga vifungo hadi kidevuni, nikaketi kati ya mashine mbili za pasi na gazeti langu. Jasho lilikuja lenyewe. Kamba akauliza kama naumwa. Nikamjibu nafanya mazoezi. Alicheka hadi akaunguza kola ya mteja. Kola hiyo nimeiweka moyoni, itanifaa siku moja.

Kisha nikapanda mizani ya kupimia nguo chafu. Tangu nilipojipima asubuhi nimepungua kilo nzima, kwa kukaa! Nikanywa maji kushangilia. Nikapanda tena. Nusu imerudi. Kumbe adui ni maji. Kuanzia leo siyagusi, ng'o.

Nyumbani shati lilichuruzika. Mke wangu alibaki mdomo wazi. Akampigia dada yake kumwambia shemeji yake amekuwa mtu mwingine. Sukari vijiko viwili.

Alhamisi, 6 Machi

Koti tena, gazeti tena. Kichwa kinaniuma kidogo na mate yamekuwa mazito. Ni dalili nzuri, bila shaka uchafu unatoka.

Jioni mke wangu hakulikamua shati. Alilishika tu mapajani. Kisha akasema, "Presha ilimwondoa baba yangu akiwa mezani, kikombe mkononi. Tangu Jumatatu kila nikikumiminia chai namwona yeye. Asante kwa kunisikiliza."

Niliona haya. Aibu ya kweli. Nikataka kumweleza kila kitu. Nikaikumbuka sukari, nikaacha. Mwanamke huyu ananitaka niishi, na mimi ninamdanganya kwa gazeti na koti la mvua! Nikaapa moyoni kwamba kesho nitajirekebisha: nitavaa makoti mawili.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa kwenye kitanda cha zahanati.

Asubuhi sikunywa kitu. Makoti mawili, vifungo vyote. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Wa pili herufi zilianza kutembea. Miguu ikakakamaa, nikasimama ninyooke, nikaona nyota, nikaangukia rundo la mashuka safi. Kamba ndiye aliyenivua makoti, akanipakia kwenye toroli la nguo, akanikimbiza hadi huku. Nilipofumbua macho alikuwa juu yangu, jasho lake linanidondokea usoni. Hakutabasamu.

Nesi akafunga mashine yake mkononi mwangu. Presha imeshuka! Tena mno! Nikamwambia bosi, aliyekuwa mlangoni, anipe funguo zangu.

Nesi akasema, "Hiyo presha haijapona. Ni wewe uliyekauka."

Akaeleza polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto. Jasho ni mwili kujipoza tu. Ukitembea, kinachofaidika ni moyo na misuli. Jasho hufuata, halitangulii. Kilo niliyopoteza ilikuwa maji niliyohitaji. Joto lile bila maji lingeweza kuniua. Nilitikisa kichwa kukubali, na sindano ya maji iko mkononi.

Mke wangu alifika anakimbia, kandambili moja mguuni. Kamba akamsimulia yote. Hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, na mimi nikalia. Bosi akampa Kamba funguo hapo hapo, mwezi mzima. Jioni chai haikuja kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kanitoa kitandani, tukatembea wote wawili hadi kwenye tangi la maji kule juu kilimani. Nilitokwa jasho la halali, dogo tu. Nikamwonyesha shati. Akasema hatakamua tena nguo yoyote. Kuanzia leo tutatembea pamoja, anisikie nikipumua kando yake. Ilinigusa, sikatai.

Lakini kupanda kulimpa taabu. Alisimama mara kadhaa, kashika kiuno, anahema, kilemba kimelowa. Na yote hayo kwa ajili yangu! Moyo uliniuma. Mume anayempenda mkewe hawezi kumtazama akiteseka hivyo kila asubuhi.

Jioni nimempigia Kamba. Nimemshukuru kwa toroli. Nikamwomba kesho atuachie chumba cha pasi baada ya kazi, nikamuuliza koti la mvua la kike linauzwa wapi. Amekata simu. Si kitu, nitatafuta mwenyewe. Viti viwili, magazeti mawili, na safari hii chupa kubwa ya maji. Mimi si mjinga.