Jinsi Fundi Bila-Msumari Alivyokinyamazisha Kitanda

Sogeeni, enyi mliolala vizuri na enyi mliokesha. Mwenye kikombe akiweke chini, mwenye simu aizime, na mwenye kusinzia asiamshwe, maana habari hii ni ya kumtukuza yeye. Hapa yatasimuliwa matendo ya Fundi Bila-Msumari, simba wa mbao, bwana wa randa na patasi, aliyetoka nyumbani kwake mchana kweupe, akavuka barabara, akaingia duka la vifaa mbele ya mashahidi, na akarudi na kitu mkononi ambacho alikuwa ameapa hakitagusa kazi yake mpaka anaingia kaburini. Wako wafalme walioteka miji kwa jasho pungufu ya hilo.

Kwanza ijulikane alikuwa nani. Jina lake hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa. Tangu ujana wake fundi huyu aliamini kwamba mbao mbili zinazopatana hazihitaji chuma cha kuzilazimisha kukaa pamoja. Alichonga ulimi kwenye mbao hii, akatoboa tundu kwenye mbao ile, akaziingiza moja ndani ya nyingine kwa nyundo ya mti, zikatulia. Juu ya mlango wa karakana yake aliandika kwa rangi nyekundu, HAPA MSUMARI HAUINGII, na mtu aliyekuja kuomba kupigiliwa kibao cha jina alirudishwa kwa adabu. Meza zake zilikuwa imara, kabati zake zilisifiwa, lakini taji la kazi zake zote lilikuwa kitanda alichokitengeneza mwaka aliooa. Hakikuwa na msumari, wala skrubu, wala hata kipande cha waya. Mgeni aliyefika nyumbani kwake hakuonyeshwa picha za harusi. Alipelekwa chumbani kuonyeshwa kitanda.

Mkewe alikuwa msusi, malkia wa chanuo, ambaye mistari yake kichwani mwa mtu ilinyooka kana kwamba imepigwa rula. Alisukia chumba cha mbele, penye kiti kimoja, kioo kimoja na benchi la wanaosubiri. Ndipo adui alipomvamia. Alianzia mabegani, akashuka mgongoni, akakaa nyongani, akapeleka askari wake mpaka kwenye vidole. Hakuacha jeraha wala uvimbe, hakuacha alama yoyote ambayo mtu angeweza kumwonyesha mwenzake, na kwa hiyo wengi walimwambia msusi, "Mbona unaonekana mzima?" Vipimo vilirudi safi, vikapimwa tena, vikarudi safi zaidi. Mwishowe daktari mmoja mtaratibu akampa adui huyo jina lake: fibromialjia. Fundi alilifanyia mazoezi njia nzima ya kurudi nyumbani, maana alisema hawezi kupigana na mtu asiyeweza kumwita.

Lakini kabla hawajatoka, daktari aliwaambia neno moja.

"Haya maumivu na usingizi mbovu ni maswahiba," alisema. "Maumivu yanakukatia usingizi. Usipolala vizuri, mwili unaamka haujapumzika, na kila kinachouma kinauma zaidi. Usiku unaofuata ndiyo hivyo tena. Sikudanganyi mama, kulala hakuufuti ugonjwa. Ila ukipata usingizi wa maana, maumivu yanaweza kukulegezea kamba kidogo. Sasa niambie, usiku ni kitu gani kinakuamsha?"

Msusi akamtazama mumewe, kisha akatazama dari.

"Joto," akasema.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa shule ya jirani, mteja wake wa miaka mingi, alirudi na kitambaa kichwani. Mistari aliyosukwa ilikuwa imelegea yote kabla hata wiki haijaisha, kwa sababu vidole vilivyoisuka havikuwa na nguvu ya kukaza. "Si kitu, dada," mwalimu alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma msusi kuliko tusi. Jioni akamwambia mumewe, "Jumamosi anakuja tena. Nikishindwa kumkaza vizuri, nafunga saluni. Sitaki watu wakalie kile kiti kwa kunionea huruma."

Basi Fundi Bila-Msumari akainuka mezani, akaweka mkono kifuani na kunena:

"Ewe mke wangu! Kama ni joto, nitalifukuza. Kama ni mwanga, nitaufungia nje ya mlango kama mdai. Kama ni kelele, nitaziendea moja moja mpaka kwao. Sitaweka chini silaha mpaka wewe uweke kichwa chini!"

"Kaa ule," msusi alisema. "Chakula kinapoa."

Vikaanza vita. Alitoboa matundu ya hewa juu ya dirisha, na joto likatoka. Alitundika pazia zito mno hata mchana watu walipapasa kutafuta mlango. Saa ya ukutani, kwa sababu iligonga, ilihamishiwa jikoni, kisha stoo, kisha ikafungwa ndani ya blanketi kama mateka. Alikwenda kwa jirani mwenye redio kutaka mkataba wa amani, na akarudi na redio yenyewe, kwani jirani alisema hata yeye ilikuwa imemchosha. Kote huko alishinda. Na kila asubuhi msusi aliamka kama mtu aliyekuwa akipakua saruji usingizini.

Siku ya Alhamisi akawasili shemeji yake, mdogo wa msusi, aliyekuja kumsaidia dada yake kazi za nyumba. Shemeji huyu alikuwa mpokea simu katika ofisi moja, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kuwaambia watu wasichotaka kusikia kwa sauti tamu kabisa. Kwa kuwa safari ilimchosha, dada yake alimwambia akajinyooshe chumbani. Mume na mke walikuwa wamekaa sebuleni waliposikia: kwiii. Kimya kidogo. Kisha: kwaaa.

Shemeji akatokea mlangoni, viatu mkononi.

"Shemeji, kitanda chako kinalia."

Fundi alisimama polepole, kama mtu aliyesikia nchi yake imetukanwa. "Shemeji," akanena, "uliza mtaa huu wote. Kitanda kile hakina msumari hata mmoja. Kinacholia ni chuma. Mbao hailii. Mbao inapumua."

"Basi ile ina pumu. Njoo uisikilize."

"Labda ni uzito wa mgeni."

"Hee! Uzito wangu umeanza lini kujadiliwa sebuleni? Dada, hebu niambie wewe. Unalalaje mule?"

Msusi alikuwa akikunja taulo za saluni, na aliikunja moja mara mbili kabla hajajibu.

"Silali," akasema. "Nalala chali, nimekaukia pale pale kama ubao. Nikigeuka kinalia. Kikilia, fundi anaamka, ananiuliza, 'Umesikia kitu?' Namwambia sijasikia. Basi bega likichoma, sigeuki. Nyonga ikichoma, sigeuki. Nasubiri kuche."

"Muda wote huu?" Fundi aliuliza, na safari hii hakunena, aliuliza tu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewaonyesha wageni nini?"

Hakuyasema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomwangusha shujaa wetu, ambaye magogo ya mninga hayakuwahi kumwangusha. Alikwenda chumbani, akaketi ukingoni mwa taji la kazi zake zote, nalo likalia chini yake kwa sauti ambayo masikio yake, kwa upendo, yalikuwa yamekataa kuisikia.

Ijumaa asubuhi akakiingia kitanda. Akakuta kwamba mbao, kwa kukaa miaka, zilikuwa zimekauka na kunywea, na zile ndimi alizozichonga kwa mkono wake zilikuwa zikicheza ndani ya matundu yake. Akashambulia kwanza kwa silaha za heshima. Alipaka nta. Alipaka sabuni. Alichonga kabari nyembamba, akaichomeka kwenye kona ya kichwani, na kona hiyo ikanyamaza. Kilio kikakimbilia kona ya miguuni. Alipokifuata huko, kikahamia upande wa ukutani. Shemeji alikuwa amewekwa kitandani kama uzito wa majaribio.

"Geuka kulia!" Fundi aliamuru kutoka uvunguni.

Kwiii.

"Geuka kushoto!"

"Shemeji, mimi si gogo la karakana yako."

"Geuka, nakusihi, kwa ajili ya dada yako!"

Kwaaa.

Kukichonga upya kulitaka wiki nzima, na Jumamosi ilikuwa kesho. Fundi alitoka uvunguni na vumbi kichwani, akaketi sakafuni. Kisha akasimama, akavaa shati safi, akaondoka.

Muuza vifaa alikuwa jirani yake kikazi, na kwa miaka mingi alikuwa amejiwekea tayari maneno atakayomwambia siku Fundi Bila-Msumari atakapokanyaga dukani kwake. Dukani palikuwa na watu wanaongoja saruji. Walipomwona, wakapisha.

"Fundi! Umepotea njia?"

"Nipe skrubu."

Hata mwenye kupima mnyororo aliacha kupima.

"Skrubu," muuza vifaa alirudia, akitabasamu kama mtu anayefungua zawadi. "Za nani?"

Hapa ndipo palipokuwa na uwanja wa vita, enyi mnaosikiliza. Uongo ulikuwa umesimama karibu naye, umetandikwa tayari kama farasi. Angeweza kusema za jirani. Angeweza kusema ametumwa. Wenye kungoja saruji wangecheka kidogo na kusahau.

"Za kitanda changu," akanena, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Kinalia. Na mke wangu ni mgonjwa, halali."

Muuza vifaa alifungua mdomo. Maneno aliyoyatunza miaka yote yalikuja mpaka kwenye ulimi, akayameza.

"Za ukubwa gani?" akauliza taratibu.

Fundi hakujua. Fundi mkubwa kuliko wote mtaani hakujua skrubu hupimwaje, na yule muuza vifaa akamweleza, moja moja, akizipanga juu ya kaunta, wala hakuna aliyecheka. Alipofika mlangoni akaitwa.

"Fundi, bisibisi unayo?"

Hakuwa nayo. Akaazimwa.

Alirudi, akapiga magoti kwenye tendegu la kwanza, maana ndivyo wazee walivyoiita miguu ya kitanda, akashika keekee ili atoboe njia ya skrubu.

"Ewe kitanda," akanena, "nilikujenga kwa kiapo. Nilikusifu mbele ya wageni, na nilipokusifu nikasahau kwamba kuna mtu juu yako. Kosa si lako, ni langu. Leo naingiza chuma mwilini mwako, na ninaomba…"

"Shemeji, kaza," alisema shemeji. "Kuna watu wanataka kulala."

Akakaza. Skrubu ya kwanza iliingia ikilalamika, ya pili ikaingia kimya, na kona baada ya kona ikasalimu amri. Kisha msusi akaitwa. Alilala, akageukia kulia kwa woga, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Hakuna kitu. Akageukia kushoto. Hakuna kitu. Shemeji akajitupa kando yake kwa uzito wake wote usiojadiliwa, na chumbani pakawa kimya hata wakamsikia yule jirani asiye na redio akijipigia mluzi uani kwake.

Usiku huo msusi aligeuka. Aligeuka kila mwili ulipomtaka ageuke, na kila mara usingizi ulimngoja upande wa pili. Kuelekea alfajiri alianza kukoroma, mkoromo wa msumeno mkubwa kwenye mbao mbichi, na Fundi, ambaye hakufumba jicho, aliusikiliza kama watu wanavyosikiliza ngoma za jeshi lao likirudi. Kulipokucha alisimama mlangoni pa chumba. Shemeji alipotaka kufagia, alimnyang'anya ufagio. Muuza maziwa alipotaka kuita, alimziba mdomo kwa kiganja na kumwomba radhi kwa ishara.

Jua lilikuwa limepanda msusi alipotoka.

"Yameondoka?" Fundi aliuliza.

Msusi alifumba na kufumbua vidole, akajipima kwa haki.

"Hayajaondoka. Yapo. Ila jana yalikuwa wenye nyumba. Leo ni wageni."

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda chumba cha mbele, kwani mwalimu alikuwa amekwisha kufika na ameketi kwenye kiti, kitambaa mapajani, uso wa mtu aliyejiandaa kusema tena kwamba si kitu. Msusi alisuka. Alisuka mistari michache akapumzika, akanyoosha mgongo, akasuka tena. Fundi alikuwa karakanani, kando ya nyumba, randa mkononi, hapigi randa. Shemeji alikuwa kizingitini, hasemi neno, jambo ambalo nalo lingestahili kuandikwa. Mchana ulifika, ukapita. Ndipo ikasikika sauti ya mwalimu, kali, isiyo na upole hata chembe:

"Aa, dada! Umenibana! Mpaka macho yamevutika!"

"Nilegeze?"

"Thubutu!"

Kule karakanani, Fundi Bila-Msumari aliweka randa chini na kusimama wima, mikono ubavuni, kama wanavyosimama watu bendera inapopandishwa.

Na iandikwe hivyo, ikae katika kumbukumbu za mataifa: kwamba Jumamosi ile, baada ya adhuhuri, mwalimu alitoka saluni akiwa amekazwa vema hata hakuweza kukunja uso, na kwamba Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano asubuhi, darasa zima lilikaa likimtazama kwa mshangao, likidhani limesamehewa.