Mikono ya Wastaafu

Jumatatu, tarehe 3
Nimenyonyesha tena ndani ya stoo, nimekalia ndoo, mafagio yananichungulia. Mwanangu ameshika nyuzi za mopu akidhani ni nywele zangu. Mume wangu ananiambia nivumilie, ofisi ya mafao ya wastaafu haikujengwa kwa ajili ya wachanga. Ni kweli. Lakini leo nikipeleka chai nimesikia habari: chumba cha zamani cha mafaili kipo kitupu, kina dirisha na kochi. Mwenyekiti mpya wa kamati ya wafanyakazi ndiye atakayeamua kitumikeje. Uchaguzi Alhamisi. Moyo umeniruka.

Wagombea wawili. Bwana Sarufi, anayepitia barua zote zinazotoka hapa na kusahihisha hata salamu za watu. Na Shangazi Siasa, anayekokotoa mafao, ambaye hawezi kuomba sukari bila kuhutubia.

Jumanne, tarehe 4
Nimeanza na Bwana Sarufi. Chai ya kwanza, bado ya moto. Nikamweleza shida yangu yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema sentensi yangu ilikuwa ndefu mno, niirudie. Nikairudia. Akasema sasa imekaa vizuri, ila chumba kitakuwa cha kamusi zake. Kwani kamusi zinanyonya?

Shangazi Siasa alinikumbatia hata sijamaliza. Akasema mwanangu ni mpiga kura wa kesho. Chumba ni changu. Nimetoka pale machozi yananilengalenga.

Baadaye mlinzi akaninong'oneza kwamba naye kaahidiwa chumba hichohicho, alalie mchana. Dereva pia. Lakini Shangazi ana moyo. Tutabanana.

Jumatano, tarehe 5
Nimepiga mahesabu. Ghorofani wote ni watu wa Bwana Sarufi, maana huwaandikia hotuba za harusi. Sisi wa chini ni wa Shangazi. Wanatuzidi. Ila lifti imekufa, na watu wa juu na ngazi hawapatani. Nikamwendea Mkuu wa ofisi kwa adabu, nikamshauri kura zipigwe chini, kwenye ukumbi wa wastaafu, ndiko kwenye viti. Akaniita binti yangu, akasema nina akili. Sijawahi kuambiwa hivyo mbele za watu.

Alhamisi, tarehe 6
Nilisahau kwamba leo ni siku ya uhakiki! Kila mwaka wastaafu huja tuwaone kama bado wapo hai. Mkuu husimama mbele, wao hunyoosha mikono. Mkono ukihesabiwa, mtu yu hai na pensheni yake inaendelea.

Ukumbi ulifurika wazee. Watu wa ghorofani hawakushuka, kama nilivyopanga. Mkuu akataja jina la Bwana Sarufi, akasema wanaomtaka wanyooshe mikono. Wazee wakasikia mikono tu. Ikapanda mikono, mikongojo, mwavuli mmoja. Babu wa mstari wa mbele alinyoosha yote miwili, asije akadhaniwa nusu marehemu.

Mkuu akahesabu. Shangazi akadai hizo ni hila za uchaguzi. Mkuu akamjibu kwamba maisha yake yote kazini hajaruka mkono wa mstaafu, hataanza leo. Lilipotajwa jina la Shangazi, wazee walishaanza kuvaa kofia zao waende nyumbani. Tukabaki sisi wa chini. Mlinzi alikuwa amelala.

Ijumaa, tarehe 7
Wazee wameitwa upya wote, wahakikiwe kweli. Shangazi kajua wazo la ukumbi lilikuwa langu, haitikii salamu. Bwana Sarufi kahamia chumbani na kamusi zake. Nikarudi kwenye ndoo.

Mwanangu akalia, akalia. Mlango ukafunguliwa. Bwana Sarufi. Akanitazama mimi, akayatazama mafagio. Akasema hakujua ni hivi. Siku ile alikuwa anaisikiliza sentensi tu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaenda kuondoa kamusi kwenye kochi. Sharti moja: mtoto asikie lugha safi tangu mapema, kwa hiyo atamsomea ngeli za nomino. Mtoto kalala kabla ya ngeli ya pili. Bwana Sarufi kaumia sana.

Kwa hiyo mpango wangu ulifaulu, kama nilivyojua. Sasa Mkuu naye anastaafu mwisho wa mwaka, na ofisi yake ina zulia, mtoto atatambaa raha mustarehe. Babu wa mikono miwili nimeshamwomba awahi kufika siku ya kuipigia kura. Kasema atakuja na mkewe, naye anayo miwili.